Kabla ya Puto, Wakunga Wapewe Shuka la Kupimia Damu

Mjamzito wa Kigombe, kwenye pwani ya Tanga, anapoingia mwezi wa tisa, mfuko wake wa kujifungulia huwa umeshafungwa na kuwekwa mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anapajua. Ndani mna mpira wa kutandika kitandani, pamba, glovu, nyembe, uzi wa kufungia kitovu, beseni, na kanga za kutosha: za kumpokelea mtoto, za kujifunga mama, na zile kuukuu, zilizolainika kwa kufuliwa, ambazo tangu mwanzo inajulikana kuwa zitalowa damu. Mama mkwe na wifi huzihesabu kanga hizo zaidi ya mara moja. Hakuna anayefikiria kwamba zinaweza kuwa kipimo.

Huko Kigoma, upande wa pili wa nchi, ziliwahi kuwa kipimo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Dk. Godfrey Mbaruku, bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, akishirikiana na Ndola Prata na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitafuta njia ya kumwezesha mkunga wa jadi kutambua kwamba mzazi anapoteza damu kupita kiasi. Mkunga huyo mizani hana, na chupa yenye alama hana. Kanga anazo, na kanga za Tanzania zina ukubwa unaofanana, kama sentimita 100 kwa 155. Watafiti wakaona kwamba kanga mbili zikilowa chapachapa, damu iliyotoka imefika nusu lita. Wakunga wakafundishwa kwamba kanga ya pili ikishalowa, hakuna kusubiri: mama apewe vidonge vya misoprostoli papo hapo, na ikiwa damu haipungui, apelekwe hospitali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Wanawake waliozalishwa na wakunga waliofundishwa hivyo walilazimika kukimbizwa hospitali mara chache sana wakilinganishwa na wale wa eneo ambalo mafunzo hayakufika.

Doti moja ya kanga, nusu lita ya damu. Kipimo hicho hakikuagizwa kutoka nje wala hakikuhitaji umeme, na kilifanya kazi kwa sababu kiliondoa kubahatisha.

Tangu wakati huo vifaa vya kudhibiti damu baada ya kujifungua vimeongezeka. Kuna puto linaloingizwa ndani ya mfuko wa uzazi na kujazwa maji. Kuna vazi linalobana miguu na tumbo ili damu iliyobaki irudi kwenye moyo na ubongo. Kuna mrija wa kufyonza, ulioruhusiwa kutumika Marekani mwaka 2020, ambao huufanya mfuko wa uzazi ujikunje. Na kuna shuka la plastiki lenye mfuko wenye alama za kupimia. Katika maonyesho na picha za makabidhiano, puto ndilo linalovuta macho. Lakini kwa kijiji kama Kigombe, na kwa vijiji vingi vya pwani na bara vinavyofanana nacho, shuka ndilo linalopaswa kutangulia, pamoja na dawa zake na mtu aliyefundishwa kulitumia. Puto likae pale penye chumba cha upasuaji na damu ya akiba.

Kigombe ni kijiji cha wavuvi na cha mashamba ya mkonge katika Wilaya ya Muheza, kando ya barabara ya Tanga kwenda Pangani. Wanasayansi wa dunia wanalifahamu eneo hili kwa sababu ya silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka pamoja na madinosaria hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyavu za wavuvi wa Tanga zimekuwa zikimpandisha mara kwa mara. Mwaka 2009 serikali ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga katika ukanda huo. Samaki huyo alistahili uangalizi huo, na mzazi wa ukanda huohuo anastahili uangalizi usiopungua wa samaki.

Hali ya mzazi huyo ni hii. Akipatwa na tatizo usiku, hospitali zenye uwezo wa kumfanyia upasuaji haziko kijijini. Makao makuu ya wilaya yake yako Muheza, huko bara, yenye hospitali inayojulikana zaidi kwa jina la Teule. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, iko Tanga mjini. Barabara ya pwani, iliyosumbua watu kwa vumbi na matope kwa miaka mingi, imeingizwa katika mradi wa lami wa kuunganisha Bagamoyo, Pangani na Tanga, na hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo lami huanza kumsaidia mama pale tu mtu anapotambua kwamba inabidi aondoke. Saa aliyopoteza kitandani kwa sababu damu haikupimwa, gari haliwezi kuirudisha.

Ili kuelewa kwa nini muda ni kila kitu, ni vizuri kujua kinachotokea. Mimba ikishafika miezi tisa, zaidi ya nusu lita ya damu hupita katika mfuko wa uzazi kila dakika. Kondo la nyuma likishatoka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi. Kinachoifunga ni misuli ya mfuko wenyewe, ambayo imesukwa kuizunguka mishipa hiyo. Misuli ikijikunja, mishipa hubanwa. Mkunga anayeminya tumbo la mzazi chini ya kitovu anatafuta kitu kigumu cha mviringo, na akikipata hupumua. Akikuta pamelegea, damu inatoka. Mfuko wa uzazi kulegea ndicho chanzo kikubwa cha tatizo hili, kikifuatiwa na kuchanika kwa njia ya uzazi, mabaki ya kondo, na damu isiyoganda.

Tatizo jingine ni kwamba mwili wa mwanamke kijana huficha. Mapigo ya moyo huongezeka kidogo, mikono hupoa, lakini mama bado anazungumza, anaulizia mtoto, pengine anaomba chai. Presha hushuka mwishoni, na ikishashuka hali huwa imeshakuwa mbaya. Vitabu vya ukunga hutaja saa mbili hivi tangu damu kuanza kutoka kwa wingi hadi kifo, kwa mama asiyepata msaada.

Mama mwenye upungufu wa damu hana hata muda huo. Pwani ya Tanga ni nchi ya malaria, na Muheza ni miongoni mwa sehemu ambazo watafiti wameichunguza malaria kwa miongo mingi. Malaria, minyoo na lishe duni humfikisha mwanamke kwenye kitanda cha kujifungulia akiwa na damu pungufu tayari. Utafiti wa WOMAN-2, uliochapishwa mwaka 2023 na kuhusisha wanawake zaidi ya 15,000 wenye upungufu wa damu kutoka Tanzania, Zambia, Nigeria na Pakistan, ulionyesha kwamba wale waliokuwa na upungufu mkubwa zaidi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kutokwa na damu na ya kufa. Kwa mama wa namna hiyo, doti ya kanga iliyolowa ni msiba unaobisha hodi.

Damu yenyewe haikai mahali pamoja ili ionekane. Sehemu huingia kwenye pamba, sehemu hulowa kanga, sehemu hukusanyika chini ya mgongo juu ya mpira, nyingine hudondoka kwenye beseni na kuchanganyika na maji ya uzazi, nyingine sakafuni. Mkunga hutazama yote hayo kwa jicho moja huku jicho la pili likiwa kwa mtoto, ambaye pengine hajalia bado. Kisha huandika kwenye kadi makadirio yake. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba jicho hukadiria chini, na kadiri damu inavyozidi ndivyo jicho linavyozidi kukosea. Hata mkunga aliyezalisha maelfu hukosea. Uzoefu hauligeuzi jicho kuwa mizani.

Hapo ndipo shuka linapoingia. Ni plastiki inayoonyesha, inayotandikwa chini ya makalio ya mama mara tu mtoto anapotoka. Upande wa mbele huning'inia ukingoni mwa kitanda na kuishia kwenye mfuko mwembamba kama faneli, uliochorwa mistari ya mililita. Damu hutiririka hadi humo. Mkunga hahitaji kukadiria, anasoma mstari. Kwa saa ya kwanza, kila baada ya dakika 15, anasoma mstari, anaminya tumbo kuona kama mfuko wa uzazi ni mgumu, anapima mapigo na presha, anaandika.

Shuka hili lilijaribiwa katika utafiti mkubwa uitwao E-MOTIVE, ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, na kufanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Kwa upande wa Tanzania alikuwepo Dk. Fadhlun Alwy Al-beity wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili; kwa upande wa Kenya, Profesa Zahida Qureshi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Zaidi ya wanawake 200,000 walijifungua katika hospitali hizo wakati wa utafiti, na matokeo yalichapishwa mwaka 2023.

Namna utafiti huo ulivyopangwa inafaa kutazamwa kwa karibu. Hospitali za kundi la pili, zilizoendelea na huduma za kawaida, nazo zilipewa shuka la kukusanyia damu, ila shuka lisilo na mistari. Damu ilikusanywa, ikaja kupimwa kwa mizani ili watafiti wajue ukweli. Yaani damu ilikuwepo, ndani ya mfuko, mbele ya macho ya wahudumu. Na bado kati ya kila wanawake 100 waliotokwa na damu kupita kiasi katika hospitali hizo, 51 tu ndio waliotambuliwa. Waliobaki walilala kitandani, hospitalini, mbele ya watu wenye vyeti, bila mtu kujua. Katika hospitali zenye shuka la mistari na utaratibu wake, waliotambuliwa walikuwa 93 kwa kila 100.

Takwimu hiyo moja inatosha kubadilisha namna ya kufikiri juu ya vifo vya uzazi Tanzania. Kwa miaka mingi lawama iliangukia umbali, mila, na mama aliyechelewa kutoka nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 81 ya wanaojifungua sasa hujifungulia vituoni. Mama amefanya aliloambiwa. Amekuja, amelala kwenye kitanda cha serikali. Akitokwa na damu hapo bila kutambuliwa, mila haiwezi kulaumiwa tena.

Kupima peke yake hakutoshi, na hilo lazima lisemwe. Nchi 13 za Ulaya ziliwahi kujaribu mfuko wa kukusanyia na kupimia damu bila kubadili mengine, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba idadi ya wanawake waliotokwa na damu nyingi kabisa haikupungua. E-MOTIVE ilifanikiwa kwa sababu mstari ulifungamanishwa na kazi. Mstari ukifikiwa, mambo matano hufanyika kwa pamoja, bila kuhesabiana zamu: kulikanda tumbo, dawa ya kuufanya mfuko wa uzazi ujikunje, asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu kuganda, dripu, na uchunguzi wa kutafuta mchaniko au mabaki ya kondo. Zamani mkunga alijaribu moja, akasubiri, akajaribu la pili, akasubiri tena, na mama akaishiwa akiwa kwenye la tatu. Katika hospitali za kawaida, ni asilimia 19 tu ya wanawake waliotokwa na damu waliopata huduma hizo kwa pamoja. Katika hospitali za E-MOTIVE walikuwa asilimia 91. Mwishowe wanawake waliofikia hali mbaya, yaani kupoteza lita nzima au zaidi, kufanyiwa upasuaji wa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa, walipungua kwa asilimia 60.

Mwezi Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani, pamoja na shirikisho la madaktari wa uzazi na lile la wakunga, walitoa mwongozo mpya unaotaka damu ipimwe kwa kifaa, na hatua zianze hata ikiwa damu ni mililita 300 endapo mapigo au presha vimebadilika. Mkunga asiye na shuka hawezi kuufuata mwongozo huo. Tofauti ya mililita 300 na 500 haionekani kwenye kanga nyeusi.

Sasa puto. Historia yake ni ya heshima. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mjini Dhaka, Bangladesh, Profesa Sayeba Akhter alikuwa akiona wanawake wakifa kwa damu huku puto za viwandani zikiuzwa kwa bei ambayo hospitali yake isingeiweza. Akachukua kondomu, akaifunga kwa uzi kwenye katheta ya mkojo, akaiingiza katika mfuko wa uzazi na kuijaza maji ya chumvi ya dripu. Kondomu ilivimba, ikabana kuta za mfuko kwa ndani, damu ikakoma. Aliwahudumia hivyo wanawake 23 wa mwanzo, na kwa wote damu ilisimama ndani ya dakika 15. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2003 na mbinu ikasambaa duniani. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuipeleka hadi vituo vidogo, kwa msaada wa madaktari wa hospitali ya Massachusetts General ya Marekani. Kati ya wanawake 201 waliowekewa puto hilo Kenya, Sierra Leone, Senegal na Nepal, 190 walipona.

Kwa namba hizo ni rahisi kuhitimisha kwamba kila zahanati ipewe kondomu na katheta. Watafiti waliolipima jambo hilo kwa kulinganisha walikuta tofauti. Katika hospitali 18 za Uganda, Misri na Senegal, puto la kondomu liliingizwa awamu kwa awamu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba upasuaji na vifo kwa sababu ya damu havikupungua; viliongezeka. Utafiti wa Benin na Mali uliotangulia nao haukuonyesha faida. Si vigumu kuona sababu zinazowezekana. Puto huchukua muda kuandaliwa. Mhudumu anayeliandaa anaweza kuacha kutafuta mchaniko ambao ndio unaotoa damu. Anaweza pia kutulia kwa kuwa kifaa kimeshaingia, wakati mama anahitaji chumba cha upasuaji sasa hivi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliweka masharti: puto litumike pale ambapo huduma za mwanzo zimetolewa na hazikutosha, sababu nyingine zimeondolewa, mhudumu amefundishwa, na upasuaji na damu vinapatikana mara moja.

Masharti hayo yanaielezea Bombo. Yanaielezea hospitali ya wilaya yenye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi. Hayaielezei zahanati yenye muuguzi mmoja wa zamu ya usiku. Kumpa muuguzi huyo puto kabla ya shuka ni kumtwisha hatua ya mwisho mtu aliyenyimwa ya kwanza.

Kwa safari ya kutoka kijijini, kifaa kinachofaa ni vazi la kuzuia mshtuko. Ni kitambaa kizito cha kunyumbulika, kinachofungwa kwa vipande kuanzia vifundo vya miguu, magoti, mapaja, nyonga hadi tumboni, kila kipande kikikazwa kwa kishikizo cha kubandika. Hubana damu irudi juu, na mama aliyekuwa amepoteza fahamu huweza kuzinduka. Halitibu, linanunua muda hadi mama afike kwa daktari. Utafiti wa Zambia na Zimbabwe wa mwaka 2013 haukutoa jibu la kukata mzizi wa fitina kuhusu vifo, ila Shirika la Afya Duniani linalipendekeza kama hatua ya muda hadi msaada upatikane. Dk. Mbaruku, yuleyule wa kanga, akiwa katika Taasisi ya Afya Ifakara aliongoza kazi ya kulifikisha vazi hilo kwenye vituo vya vijijini Tanzania, likiambatana na mawasiliano ya simu kati ya wahudumu. Vazi hilo lina kasoro moja ya kiutawala: huondoka na mama, likabaki hospitali, na kituo kilicholitoa kikabaki mikono mitupu kwa mzazi anayefuata. Panahitajika daftari na mtu wa kulirudisha.

Gari nalo lipo, angalau kwa utaratibu. Mfumo wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa na Rais Samia Suluhu Hassan Dodoma mwezi Aprili 2022, humwezesha mhudumu au ndugu kupiga 115 bila malipo; kituo cha mawasiliano hutafuta gari la wagonjwa, na likikosekana humwita dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu. Ni mojawapo ya mambo bora yaliyofanyika katika uzazi nchini. Vifo vya uzazi, kwa tafiti za kitaifa za kaya, vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa yako juu zaidi ya hapo, lakini nayo yanaonyesha mshuko. Mama anayekufa sasa, mara nyingi anakufa ndani ya mfumo, kituoni au njiani, na ndiyo maana dakika za mwanzo ndizo zinazobaki kupiganiwa.

Katika dakika hizo, kuna kifaa kingine kinachosahauliwa kwa urahisi: friji. Oksitosini, dawa ya kuufanya mfuko wa uzazi ujikunje, hutakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Katika joto la pwani la Februari, chupa iliyokaa kwenye kabati huendelea kuonekana dawa huku nguvu yake ikipungua. Mkunga huchoma sindano, hungoja, mfuko wa uzazi haujikunji, na yeye hudhani tatizo ni mama. Ipo dawa ya karbetosini isiyoharibiwa na joto, iliyojaribiwa kwa karibu wanawake 30,000 katika nchi 10 zikiwemo Kenya na Uganda, na matokeo ya mwaka 2018 yakaonyesha kwamba haipitwi na oksitosini katika kuzuia damu. Asidi ya traneksamiki haihitaji friji, lakini inahitaji saa: utafiti wa WOMAN wa mwaka 2017, ambao Tanzania ilishiriki, ulionyesha kwamba ikitolewa ndani ya saa tatu baada ya kujifungua hupunguza vifo vya kutokwa na damu kwa karibu theluthi moja, na baada ya hapo faida huisha. Bila shuka, mkunga anaweza kuzimaliza saa hizo tatu bila kujua kwamba dawa inahitajika.

Mafunzo nayo yanafaa kutajwa, maana kuna ushahidi wa nyumbani. Katika Hospitali ya Mkoa ya Kagera, Bukoba, wahudumu walipewa mafunzo mafupi ya dharura za uzazi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wanawake waliopoteza nusu lita au zaidi walipungua kutoka asilimia 33 hadi 18. Hapakuwa na kifaa kipya cha ajabu. Kigoma ilikuwa imeonyesha jambo kama hilo mapema zaidi: kati ya 1984 na 1991, Dk. Mbaruku na wenzake walishusha vifo vya uzazi katika hospitali ya mkoa kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi 100,000 kwa hatua nyingi ndogo za gharama nafuu, wakitumia kwanza kile walichokuwa nacho.

Wapo watakaosema kwamba E-MOTIVE ilifanyika hospitalini na si kwenye zahanati, na wana haki ya kusema hivyo. Muuguzi aliye peke yake hawezi kukanda tumbo, kuweka dripu na kuchoma sindano kwa wakati mmoja. Jibu ni kupanga mapema mkono wa pili utatoka wapi. Mama mkwe aliyeketi kwenye benchi la nje anaweza kupewa simu apige 115. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kufundishwa kukanda tumbo. Dawa zote za damu zinaweza kuwekwa kwenye kisanduku kimoja kinachokaa chumbani, ili ufunguo wa stoo usitafutwe saa nane za usiku. Na mama aliyepimwa damu kliniki akakutwa na upungufu mkubwa aambiwe mapema kwamba safari yake ya kujifungua ni ya Bombo au Teule, na nauli iwekwe akiba kuanzia siku hiyo.

Mengi ya haya hayangoji waziri. Vituo vya afya na zahanati hupokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao, na kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe wa kijiji, ambayo hupanga matumizi ya mwaka. Kamati ya Kigombe, kama nyingine zote, inaweza kuandika shuka za kupimia damu kwenye mpango wake na kuzidai kupitia halmashauri na Bohari ya Dawa. Wizara ya Afya nayo iziweke kwenye vifurushi vya kujifungulia ili zisiwe jambo la kuombwa. Na wanakijiji, kwenye mkutano mkuu ujao, wamuulize mganga mfawidhi mbele ya watu: mwezi uliopita walijifungua wangapi hapa, wangapi walipimwa damu yao kwa kifaa, na friji ya dawa inasoma nyuzi ngapi leo.